Kuchongesha hudi ya lenzi kwa mkerezaji, kuanzia karatasi ya manila hadi rangi ya ubao

Jua la saa saba mchana ufukweni ni mtihani mgumu kwa lenzi ya zamani. Ninayoipenda kuliko zote, Super-Takumar ya milimita 55 f/1.8 ya Asahi Optical, imepakwa tabaka moja tu la kuzuia mwako wa mwanga kwenye vioo. Tabaka nyingi zilikuja baadaye, mwaka 1971. Ukipiga picha karibu na maji, weusi unageuka kijivu na ngozi za watu zinapauka. Hudi nzuri, ile kinga ya duara inayofungwa mbele ya lenzi, inaondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Za bei rahisi zinazouzwa madukani huwa fupi mno, au pana kiasi kwamba hazikingi chochote, na ndani zinang'aa. Ndiyo maana mimi huchongesha zangu.

Nimeishazichongesha kadhaa sasa, na kila mara nimeona kwamba kazi huharibika kabla mashine haijawashwa, kwenye vipimo. Mkerezaji mzuri, yaani fundi wa mashine ya kuzungusha chuma na kukichonga, atakupa kile hasa ulichomwambia. Ukimwambia vibaya, utakipata vibaya kwa usahihi mkubwa.

Hatua ya 1: Lenzi ibaki nyumbani

Fundi atakuambia, "Iache hapa, kaka, mpaka jioni nitakuwa nimeshaipima." Mkatalie kwa heshima. Mara ya kwanza niliiacha lenzi kwenye karakana moja, na ilirudi na chembe za alumini ndani ya hesi (nyuzi za skrubu) za kufokasi. Kuizungusha tu ilikuwa inasaga. Ilibidi ifunguliwe yote na kusafishwa.

Badala yake peleka filta iliyovunjika ya saizi ileile, iliyotolewa kioo. Kwa Super-Takumar hii ni milimita 49. Pete ya filta ina hesi za nje nyuma na hesi za ndani mbele, na hizo za mbele ni sawa na zilizo kwenye mdomo wa lenzi. Hicho ndicho kipimo chako. Fundi atajaribishia hapo mara kumi bila wewe kushika roho mkononi.

Kwanza hakikisha filta hiyo inaingia kwenye lenzi yako kwa vidole, mizunguko mitatu kamili bila kukaza. Filta nyingi za saizi hii zina hesi zenye nafasi ya milimita 0.75 kutoka uzi hadi uzi. Lakini lenzi za Leica zenye mdomo wa 39, na za Kisovieti zenye mdomo wa 40.5, hutumia 0.5. Zikikutana 0.75 na 0.5, zitashikana mzunguko mmoja kisha kukwama, na ukilazimisha utakula hesi za lenzi, ambazo hazirudishiki.

Hatua ya 2: Tengeneza hudi ya karatasi

Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mwingi kuliko zote, na gharama yake ni karatasi moja ya manila nyeusi na gundi.

Kwa kamera yenye sensa (kipande kinachopokea picha) ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 55 inaona nyuzi 43 kutoka pembe hadi pembe. Unaweza kukokotoa hudi kwa hesabu, lakini itabidi ujue kioo cha mbele kimezama kiasi gani, na tundu la lenzi linaonekana liko wapi ukilitazama kwa mbele. Karatasi inajibu yote hayo kwa mpigo. Kunja koni yenye mdomo mpana kidogo kuliko shina, yaani upande wa lenzi, ibandike kwenye pete ya filta, ifunge kwenye lenzi. Fokasi iweke mwisho kabisa, kwa vitu vya mbali, kwa sababu hapo ndipo lenzi hii inapoona eneo pana zaidi. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16, tundu la lenzi likiwa dogo, kisha kwa f/1.8, likiwa wazi kabisa.

Kwa f/16, hudi iliyozidi urefu inaonekana waziwazi kwenye pembe nne kama kivuli chenye ukingo. Kwa f/1.8 kivuli ni laini, pembe zinafifia tu, kwa hiyo linganisha na picha iliyopigwa bila hudi. Kata milimita mbili, piga tena. Endelea hadi pembe zisafike, kisha kata milimita moja zaidi iwe akiba.

Mimi niliishia kwenye urefu wa milimita 25 na mdomo wa karibu 66 kwa ndani. Nilifurahi sana kuona 66, kwa sababu hesi za ndani za saizi 67 huhitaji tundu la takriban 66.2. Maana yake mdomo wa hudi unaweza kukatwa hesi na kufungwa kifuniko cha kawaida cha 67, ambacho kinapatikana kila duka la kamera. Kama hudi yako inaangukia karibu na saizi ya kawaida (52, 55, 58, 62, 67, 72, 77), isogeze kidogo ufaidike na hilo.

Hatua ya 3: Mchoro wa ukurasa mmoja

Chora hudi kama imepasuliwa katikati, uione kwa ubavu, na kila kipimo kiandike kwa milimita. Wangu unasema hivi: hesi za nje 49 kwa 0.75, urefu wake milimita 3. Upana wa nje wa hesi uwe kati ya 48.85 na 48.95, usifike 49 kamili. Mfereji mdogo pale hesi zinapokutana na bega, ili hudi ikae bapa. Urefu kutoka bega hadi mdomo 25. Kipenyo cha nje mdomoni 70. Hesi za ndani 67 kwa 0.75, urefu milimita 3; ukuta wa ndani ukatwe mifereji myembamba kuanzia shina hadi karibu na mdomo.

Hiyo mifereji usiiache. Alumini nyeusi iliyo laini bado inaakisi mwanga unaokuja kwa kuparaza, kama lami inavyong'aa mbele yako barabarani mchana. Mifereji inauvunja mwanga huo kabla haujafika kwenye kioo.

Hatua ya 4: Kuongea na mkerezaji

Kwa Dar mimi huenda Gerezani, na wenzangu wa Nairobi huenda Kariobangi Light Industries. Nenda asubuhi, kabla foleni ya busha na shafti za magari haijamjaa fundi. Mwambie hii ni kazi ya taratibu na utalipia muda wake. Usianze kubembeleza bei ya kitu ambacho hajawahi kukichonga.

Swali la kwanza muulize kuhusu mashine yake: inakata hesi za milimita au za inchi? Mashine nyingi kuukuu ni za inchi, na kuzifanya zikate milimita kamili kunahitaji gia ya meno 127. Kama hana, bado kuna njia. Aweke hesi za nyuzi 34 kwa inchi. Hiyo ni milimita 0.747, na kwa mizunguko minne kosa lote ni kama mia moja ya milimita, hesi zitaingia bila shida. Akikwambia 32 ni karibu vilevile, mkatalie. Hiyo ni 0.794, na katika mizunguko minne imeshapotea karibu milimita 0.18. Itakwama.

Malighafi nayo ni muhimu kama unataka kuitia weusi baadaye. Tafuta shafti ya alumini ya daraja la 6061 au 6082, kipenyo cha 75. Fundi anaweza kukupa alumini ya kumiminwa kutoka pistoni kuukuu. Inakerezeka, lakini ina silikoni nyingi na ikitiwa anodaizi, yaani tabaka gumu linalojengwa juu ya alumini kwa asidi na umeme, hutoka kijivu chenye mabaka.

Kabla hajakata kipande kutoka kwenye shafti, jaribisha filta yako hapohapo kikiwa bado kwenye mashine. Kikishatolewa, kukirudisha katikati sawasawa ni kazi nyingine. Hesi ziingie kwa vidole viwili, na ziwe na ulegevu kidogo sana. Anodaizi itaumeza.

Hatua ya 5: Anodaizi

Ukimpata mtu anayefanya kazi hii, mpe. Mimi hujifanyia uani, nikiwa na miwani ya kukinga macho, glovu za mpira na upepo wa kutosha, maana beseni la asidi hutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto.

Osha hudi kwa sabuni na mswaki hadi maji yatande juu yake bila kujikusanya matone. Situmii kostiki soda kuichubua, kwa sababu inakula ncha za hesi. Beseni ni asidi ya betri kipimo kimoja kwa maji kipimo kimoja na nusu. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume chake. Hudi inaning'inia kwa waya wa alumini uliounganishwa na upande chanya, bamba la madini ya risasi upande hasi. Hudi ya saizi hii ina eneo la karibu desimita 1.2 za mraba, nje na ndani, hivyo naipa ampea 1.5 hadi 1.8 kwa dakika 45.

Tatizo letu sisi wa pwani ni joto. Beseni linatakiwa liwe nyuzi 20 hivi. Likipita 25 tabaka linakuwa laini na kuanza kuyeyuka huku linajengeka. Liweke ndani ya ndoo kubwa yenye barafu, na kipimajoto kisitoke.

Kisha isuuze, itumbukize kwenye rangi nyeusi ya anodaizi iliyo nyuzi 60 kwa dakika 15, halafu ichemshe kwenye maji safi nusu saa ili vinyweleo vifunge. Rangi za nguo huingia pia, ila nyingine jua huzigeuza zambarau.

Hatua ya 6: Ndani

Nje imekwisha. Ndani, juu ya mifereji, napaka tabaka mbili nyembamba za rangi ya ubao, ile ya kupakia mbao za shule. Ni nyeusi, haing'ai, na ipo kila duka la vifaa vya ujenzi. Ziba hesi kwa utepe wa karatasi kabla ya kupaka. Hesi za shina zisugue mshumaa kidogo zisishikane na za lenzi.

Halafu iache juani wiki nzima kabla ya kuifunga. Inuse. Ikiwa bado inanuka rangi, mvuke wake utatua kwenye kioo cha mbele kama ukungu, kwa hiyo iache siku nyingine mbili tatu.