Jinsi ya kuomba ukarabati wa bustani ya umma kando ya ziwa: mwongozo kwa wakazi wa Mwanza

Bustani za umma za ufukweni zina tabia moja: kila mtu anazitumia, lakini ikifika siku ya kuziombea fedha hakuna mwenye barua. Madawati yamevunjika, taa haziwaki, choo kimefungwa kufuli, na wananchi wanamlalamikia diwani wakikutana naye msibani. Malalamiko ya msibani hayafunguliwi jalada. Halmashauri inakwenda kwa karatasi, na karatasi yenye nguvu kuliko zote katika safari hii ni muhtasari wa mkutano wa mtaa. Uje na mchoro wa rangi, uje na picha, uje hata na ahadi ya mfadhili, bado utaulizwa: "Muhtasari uko wapi?"

Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye mkutano na unapita haraka kwenye mambo ambayo wataalamu watawafanyia.

Kwanza, eneo ni la nani?

Mwanza mjini kuna halmashauri mbili. Ukiwa Capri Point, Igogo, Mkuyuni, Butimba hadi Luchelele, uko Nyamagana, na barua yako inakwenda kwa Mkurugenzi wa Jiji. Ukiwa Kirumba, Mwaloni, Pasiansi na kuendelea, uko Ilemela, manispaa iliyoanza kujitegemea mwaka 2012, na barua inakwenda kwa Mkurugenzi wa Manispaa. Barua iliyopelekwa kusiko kwake hurudishwa, au italala masijala bila hata kurudi, na hilo ndilo baya zaidi.

Halafu, si kila penye nyasi kando ya maji ni mali ya halmashauri. Kipande cha ufukwe kinaweza kuwa cha bandari, cha reli, cha taasisi fulani, au cha mtu binafsi ambaye hajajenga ukuta tu. Nenda idara ya mipango miji, omba kuonyeshwa mchoro wa eneo lenu. Tafuta limeandikiwa matumizi gani. Likisomeka eneo la wazi au bustani, una pa kuanzia. Likisomeka hoteli au makazi, mnachohitaji kwanza ni kubadilisha matumizi ya ardhi, na hiyo ni safari nyingine kabisa.

Ukizungushwa na "njoo kesho", andika ombi rasmi la taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki hiyo, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Iandike kwa adabu, itaje sheria kwa jina, bakisha nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Mara nyingi mchoro hupatikana kabla hata siku hizo hazijaisha.

Mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Jambo hili lijulikane kabla watu hawajaanza kuota, maana kila mkutano huwa na mtu anayetaka mgahawa wa ghorofa unaotazama maji. Miti, njia za miguu, madawati na kukarabati kilichopo ni rahisi kutetea. Jengo jipya la zege karibu na maji litawaletea maswali, na nadhani ni haki yawaletee.

Ongea mapema na Afisa Mazingira wa halmashauri. Yeye atawaelekeza kama jambo lenu linapaswa kufika NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambao wana ofisi ya kanda hapa Mwanza, ili ijulikane kama linahitaji tathmini ya athari kwa mazingira. Mkigusa ukingo wenyewe au mkitaka kuelekeza mtaro ziwani, itabidi Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria nayo ihusishwe.

Na kuna maji yenyewe. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kufikia kina ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na mwaka 2024 likapanda tena. Waiteni wavuvi na wazee wa mtaa wawaonyeshe maji yalifika wapi, wekeni alama ya rangi kwenye jiwe au mti, mpige picha mtu akiwa amesimama pale. Picha hiyo iambatanishwe. Mhandisi akiiona, hatachora choo upande wa chini wa alama.

Kuwapata watu wanaolitumia eneo

Hapa ndipo maombi mengi yanapoharibika. Mkutano unaitwa Jumamosi saa nne asubuhi, wanakuja wenye nyumba wachache na wajumbe, wanapitisha uzio na geti. Siku fundi anafika na nguzo, anakutana na watu ambao hawakuulizwa: mama lishe anayepika chini ya mti, vijana wanaoosha pikipiki, wapiga picha wanaosubiri maharusi, wavuvi wanaoanika nyavu. Mradi unasimama hapohapo.

Kabla ya mkutano, chagueni watu wawili watatu wakae bustanini na daftari. Siku moja ya kazi na Jumapili moja, kuanzia asubuhi hadi jioni. Kila saa waandike nani yupo, anafanya nini, amekaa wapi. Mtashangaa mtakachokipata. Kuna dawati zima kabisa ambalo halikaliwi na mtu, na ukiinua macho unaona sababu: juu ya mti wamelala korongo wale wakubwa wenye mfuko shingoni, na dawati lote ni jeupe kwa vinyesi. Hakuna ukarabati utakaolisaidia dawati hilo zaidi ya kulihamisha. Kuna taa ambayo watu wanaikimbia usiku kwa sababu inavuta wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi na kuingia hadi mdomoni. Mambo haya hayamo kwenye mchoro wowote wa ofisini.

Kisha wafuateni watu kwa ratiba zao. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi ndizo wanazokuwa nyumbani. Ongeeni nao siku hizo, kupitia viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi ufukweni. Mama lishe wanapumua baada ya chakula cha mchana. Wanafunzi hawaji kwenye mikutano ya mtaa kabisa. Mwombeni mwalimu mkuu ruhusa mkaongee nao shuleni. Watu wenye ulemavu waalikwe waje bustanini kwenyewe, waonyeshe wanakwamia wapi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka maeneo ya umma yafikike, na hoja hiyo ina uzito mkubwa ikiandikwa na mtu mwenye kiti cha magurudumu aliyeshindwa kupita getini.

Watoto watasema wanataka ngazi za kushukia majini. Hapo wakubwa waseme ukweli: maji yaliyotulia yenye majani ndiyo makazi ya konokono wa kichocho. Ngazi ya kushukia pale ni mwaliko wa ugonjwa.

Mkutano wa mtaa na muhtasari wake

Mnayemwendea kwanza ni Mwenyekiti wa Mtaa, pamoja na Afisa Mtendaji wa Mtaa, ambaye ndiye katibu. Mwombeni Mwenyekiti aweke suala la bustani kama ajenda inayojitegemea. Likitupwa kwenye "mengineyo", litajadiliwa jua likizama, wakati watu wameshainuka.

Muhtasari uwe na tarehe, mahali, idadi ya waliohudhuria, orodha ya majina na sahihi, hoja zilizotolewa, na azimio. Azimio liandikwe kwa maneno yasiyotafsirika mara mbili. Kwa mfano:

"Mkutano umeazimia kuiomba Halmashauri ikarabati bustani kwa kuanza na choo, taa na njia ya miguu. Mama lishe waliopo watengewe eneo upande wa barabarani. Sehemu ya kuanikia nyavu ibaki ilipo. Wananchi watachangia nguvu kazi ya usafi na upandaji miti."

Angalia sentensi ya mama lishe na ya nyavu. Bila hizo mbili, huo ni muhtasari wa wenye nyumba. Na waliopinga waandikwe pia. Muhtasari usio na mpinzani hata mmoja hauaminiki, afisa yeyote aliyekaa kazini ataujua kuwa umepikwa. Mwisho, sahihi ya Mwenyekiti na ya Mtendaji, na mhuri.

Katika mkutano huohuo chagueni kamati ndogo. Ikiwa mnataka baadaye kupokea fedha au kufungua akaunti, mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii kuhusu kusajili kikundi: mtahitaji katiba, orodha ya wanachama na muhtasari wa kukianzisha.

Kata, kisha halmashauri

Muhtasari ukiwa tayari, unapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni Diwani, katibu ni Mtendaji wa Kata. Ulizeni tarehe ya kikao mapema na pelekeni nyaraka siku kadhaa kabla. Kama eneo liko mpakani mwa mitaa miwili, njooni na mihtasari miwili. Mheshimiwa Diwani hatapenda kuamua ugomvi wa mipaka mbele ya kamati yake.

Baada ya hapo ndipo barua rasmi. Mfano wa muundo:

Mkurugenzi wa Jiji,
Halmashauri ya Jiji la Mwanza.

KUPITIA KWA: Afisa Mtendaji wa Kata ya ______

YAH: OMBI LA UKARABATI WA BUSTANI YA UMMA ILIYOPO MTAA WA ______

Husika na somo tajwa hapo juu. Sisi wakazi wa mtaa tajwa, kupitia mkutano wetu wa tarehe ______ na kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata cha tarehe ______, tunaomba:

1. Ukarabati wa bustani uingizwe katika bajeti ya mwaka ______.
2. Tupewe mtaalamu wa mipango miji na mhandisi waje eneo la mradi, wachore na kufanya makisio ya gharama pamoja nasi.
3. Turuhusiwe kuanza usafi na upandaji miti wakati tukisubiri.

Ombi la tatu linaonekana dogo, ila ndilo hujibiwa haraka, na likijibiwa mnakuwa tayari mna kumbukumbu namba ya jalada. Ambatanisheni mihtasari yote, hesabu za daftari, picha, na nakala ya mchoro wa eneo. Pelekeni nakala mbili masijala, moja igongwe mhuri mrudi nayo. Ofisini msitoe fedha mkononi. Kama kuna ada halali, mtapewa kontroo namba mlipie benki au kwa simu.

Kalenda ya fedha

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai. Vipaumbele vya kata hukusanywa mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na madiwani hupitisha rasimu ya bajeti miezi ya mwanzo ya mwaka. Barua inayofika Aprili, hata iwe nzuri namna gani, imelikosa basi. Pangeni mkutano wa mtaa ufanyike kabla ya Oktoba.

Mapato ya ndani ya halmashauri ndicho chanzo cha kawaida, lakini bustani hushindana na madarasa na zahanati, na mara nyingi hushindwa. Kwa hiyo gaweni ombi vipande. Choo na taa vinaweza kuombewa Mfuko wa Jimbo, ambao kamati yake huongozwa na Mbunge. Mtaro wa barabara inayopeleka maji bustanini ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, si wa bustani, waandikieni wao. Kipande kidogo kinachoeleweka hupita kwenye kikao ambako mradi mzima ungekatwa wote.

Kibali na ujenzi

Vibali vya ujenzi huombwa kwa mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, na kwa mali ya halmashauri kazi hiyo ni ya wataalamu wake. Kazi yenu ni kuhakikisha mchoro unarudi mtaani kabla haujapitishwa. Mwombeni mhandisi auweke ukutani ofisi ya mtaa, na siku moja atembee nao bustanini, akipigilia vigingi vya miti pale choo na njia vitakapopita. Mama lishe ambaye hawezi kusoma mchoro atakiona kigingi kilichopigwa katikati ya jiko lake, na atasema.

Ikitumika fosi akaunti, yaani halmashauri kusimamia ujenzi yenyewe kwa mafundi wa kawaida badala ya kumpa mkandarasi, kutakuwa na kamati za manunuzi, mapokezi na usimamizi. Ombeni wananchi wawemo, hasa kwenye mapokezi, maana huko ndiko saruji inahesabiwa.

Na kabla ya makabidhiano, andikianeni na halmashauri nani atashika ufunguo wa choo, nani atalipa umeme wa taa, nani atakusanya taka Jumapili jioni. Jalada zima, kuanzia muhtasari wa kwanza, litolewe nakala: moja ibaki kwa Mtendaji wa Mtaa, nyingine kwa katibu wa kamati yenu, kwa sababu watendaji huhamishwa na majalada hayahami nao.