Jinsi ya kuchambua hadithi hatua kwa hatua (na kutochanganya dhamira na maudhui)

Mpwa wangu alisoma Tanga hadi kidato cha pili, kisha mama yake akahamia Mombasa naye akaendelea na masomo huko. Katika jaribio lake la kwanza la fasihi aliulizwa dhamira ya hadithi. Akaandika "urafiki, usaliti, tamaa", akapewa sifuri. Akanipigia simu analia: "Mjomba, mbona ndivyo tulivyofundishwa?" Ilituchukua jioni mbili kulimaliza jambo hili, na ninayoandika hapa ndiyo tuliyoyafanya.

Mfano wetu ni kisa cha Unguja cha Kima, Papa na Punda wa Dobi, ambacho mmisionari Mwingereza Edward Steere alikichapa mwaka 1870 na wengi tumekisikia kwa bibi zetu. Kima humrushia Papa kuyu kutoka mtini hadi wakawa marafiki. Siku moja Papa anambeba mgongoni, na katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wao mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba kima wakisafiri huacha mioyo yao mtini, basi warudi kuuchukua. Wanarudi, anapanda mtini, hashuki tena. Papa anapomwita, Kima anamsimulia kisa cha punda aliyebembelezwa na Sungura mara mbili aende kwa Simba, na mara ya pili akauawa.

Hatua ya 1: Soma mara mbili

Mara ya pili shika penseli. Notisi za kupakua mtandaoni ziweke kando kabisa hadi umalize hatua ya 5. Ukizifungua mapema utaona yale tu aliyoyaona aliyeziandika.

Hatua ya 2: Andika msuko kwa neno "kwa sababu"

"Walienda, wakarudi, Kima akapanda mtini" ni orodha ya matukio. Msuko (ploti) ni namna tukio moja linavyozaa jingine: Papa alirudi kwa sababu aliamini moyo uko mtini. Weka alama mahali taharuki inapopanda, yaani pale katikati ya maji. Weka nyingine mahali muundo unapobadilika. Kisa kinakwenda moja kwa moja, muundo wa msago, kisha ghafla kinafungua hadithi ndani ya hadithi.

Hatua ya 3: Kila sifa ya mhusika iwe na tendo lake

"Kima ni mwerevu" peke yake haina alama. "Kima ni mwerevu kwa kuwa, akiwa amezungukwa na bahari, anabuni uongo unaomfanya Papa mwenyewe amrudishe nchi kavu" ina alama. Na hapa ndipo istilahi za mhusika bapa na mhusika duara zinapoeleweka bila kukariri. Kima anadanganyika mara moja, anabadilika, hadanganyiki tena: duara. Punda ananusurika, halafu anarudi vilevile alivyokuwa: bapa.

Hatua ya 4: Mandhari

Usiishie kwenye "baharini". Mkuyu wenyewe nusu ya matawi yako upande wa mji, nusu juu ya maji. Urafiki wa wawili hawa unawezekana hapo tu.

Hatua ya 5: Nani anasimulia?

Msimulizi si mwandishi. Kisa cha nje kiko katika nafsi ya tatu, lakini cha punda kinasimuliwa na Kima, na anamsimulia Papa. Kukisimulia ndiyo namna yake ya kukataa kushuka.

Hatua ya 6: Dhamira, maudhui, ujumbe

Hapa ndipo zilipokwisha jioni zetu, kwa hiyo soma polepole.

Tanzania, kazi ya fasihi hugawanywa pande mbili: fani na maudhui. Fani ni wahusika, mandhari, muundo, mtindo na matumizi ya lugha. Maudhui ni jumla ya yanayosemwa, na ndani yake mna dhamira, migogoro, ujumbe, mtazamo, msimamo na falsafa. Dhamira ni jambo linalozungumziwa, na zinaweza kuwa nyingi: dhamira kuu na dhamira ndogondogo.

Kenya, kwa kawaida, yale mambo yanayozungumziwa ndiyo maudhui: maudhui ya ufisadi, ya ndoa, ya elimu. Dhamira ni kusudi la mtunzi, kile alichotaka kufanikisha kwa kuandika. Kwa hiyo "dhamira ya usaliti" ya Tanga ni "maudhui ya usaliti" ya Mombasa. Mpwa wangu alijibu swali sahihi la nchi nyingine.

Kipimo nilichompa ni umbo la jibu. Likiwa nomino, "usaliti", hiyo ni dhamira kwa Tanzania na maudhui kwa Kenya. Likianza na "mtunzi anakusudia kuonya juu ya…", hiyo ni dhamira kwa Kenya. Likiwa funzo unaloweza kumwambia mtu, "usimrudie aliyekwisha kukusaliti", huo ni ujumbe, pande zote mbili.

Tahadhari. Angalia kitabu kimechapwa nchi gani kabla ya kunakili maelezo yake, maana maktaba nyingi zimechanganya. Wako walimu wa Kenya wanaotumia dhamira kwa maana ya Tanzania. Muulize wako kabla ya mtihani. Kama unaandika insha ya chuo, eleza katika aya ya kwanza unatumia maana ipi, kisha usiibadilishe. Falsafa na msimamo viache mwisho: msimamo ni upande anaosimamia mtunzi katika jambo moja, falsafa ni imani yake kuhusu maisha kwa jumla, na huwezi kuitaja kwa haki kabla ya kumaliza mengine yote.

Hatua ya 7: Andika aya

Hoja, ushahidi, maelezo. Kwa swali la dondoo la Kenya (linalonukuu maneno ya hadithi), anza na muktadha: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Kwa insha ya Tanzania ingia moja kwa moja kwenye hoja. Hii ndiyo aya aliyoiandika mpwa wangu jioni ya pili, kwa maana ya Kenya:

"Maudhui ya usaliti yanajitokeza Papa anapomchukua rafiki yake kwa ahadi ya kumkaribisha kwao, ilhali sultani anahitaji moyo wake. Usaliti huu ni mzito kwa kuwa Kima amekuwa akimlisha kila siku. Kwa kumfanya Kima asimulie kisa cha punda, mtunzi anadhamiria kuonya kwamba aliyenusurika mara moja hana udhuru akirudi."


Nilimrekebishia neno moja tu: aliandika "mwandishi", nikamwambia katika hadithi ya mapokeo aseme "mtunzi" au "fanani", yaani msanii wa fasihi simulizi.