Kubuni probu ya DNA kwa bayosensa ya kipindupindu

Probu ni kipande kifupi cha DNA kinachobandikwa kwenye dhahabu ya bayosensa (kifaa cha kupimia) ili kinase DNA ya kijidudu kinachotafutwa.

Hatua ya 1: lengo, yaani DNA itakayonaswa. Kwa maji ya visima vya Dar es Salaam, lenga jeni ya ctxA, inayohusika na sumu yenyewe. Vibrio cholerae (bakteria wa kipindupindu) wengi wa majini hawana jeni hiyo, kwa hiyo kupima spishi peke yake kutazua hofu ya bure. Mfuatano upo GenBank, hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya DNA.

Hatua ya 2: kipande. Chukua besi (herufi za DNA: A, T, G, C) 20 hadi 25, G na C zikiwa asilimia 40 hadi 60. Epuka G nne mfululizo, maana hushikana zenyewe. Kisha geuza. Hapa ndipo oda nyingi zinapoharibika: probu ni kijalizo cha lengo, kikisomwa kinyumenyume. Lengo 5'-ATGGCTCA-3' linahitaji probu 5'-TGAGCCAT-3'. Ukiagiza mfuatano ulio sawa na lengo, sensa haitasoma kitu, hata dhahabu iwe safi namna gani.

Hatua ya 3: joto ambalo probu na lengo huanza kuachana. Kwa makadirio ya haraka, hesabu nyuzi 2 kwa kila A au T na 4 kwa kila G au C. Probu ya besi 20 yenye G na C kumi hutoa nyuzi 60. Kanuni hii haijali chumvi, kwa hiyo hakiki kwa programu ukiingiza chumvi ya bafa (mmumunyo wa kupimia) yako halisi. Chumba kisicho na kiyoyozi hapa mjini hupita nyuzi 30 mchana. Pima kwa joto lilelile kila siku, la sivyo matokeo ya asubuhi na ya alasiri hayalinganishiki.

Hatua ya 4: kagua kama probu inajikunja au inajishika yenyewe, kisha ipitishe BLAST, programu inayoonyesha kama inafanana na DNA nyingine.

Hatua ya 5: agiza ikiwa na thioli (kundi la salfa linaloshika dhahabu) kwenye ncha ya 5' na mnyororo wa kaboni sita. Tyubu ikifika, isubiri ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, kwani unyevu wa Dar hugeuka matone ya maji ndani ya tyubu baridi. Izungushe kwenye sentrifyuji. Zidisha nanomoli kwa 10 upate mikrolita za bafa zitakazotoa mikromola 100. Igawe kwenye tyubu ndogondogo: umeme ukikatika, kuganda na kuyeyuka mara kwa mara huiharibu.

Hatua ya 6: vunja daisalfidi (kiungo cha salfa mbili kinachofunga thioli) kwa kemikali ya TCEP, weka probu ya mikromola 1 kwenye dhahabu, kisha merkaptoheksanoli (inayofunika dhahabu iliyobaki wazi) milimola 1 kwa saa moja. Ishara ikiwa hafifu, usikimbilie kuongeza probu. Probu zikisongamana, lengo hukosa nafasi ya kuingia. Mara nyingi kupunguza ndiko kunakoponya.

Kila mara, kwa kulinganisha, endesha pia DNA isiyolingana na probu, na nyingine yenye besi moja tofauti katikati.