Koti la mtumba la kwendea usaili
Ukienda soko la mitumba la Karume, Ilala, Dar es Salaam, kutafuta koti la usaili, vaa shati la mikono mirefu, siyo fulana, ndipo ujaribu koti. Anza na mabega. Mshono uishie pale bega lako linapoishia. Mshono huo ukishuka mkononi, liache koti hilo hata kama bei ni ya kutupa, maana kupunguza mabega ni kulifumua koti karibu lote. Kiuno na urefu wa mikono fundi anaviweza: mkono wa shati uchungulie nje ya koti kama sentimita 1. Kagua makwapa na bitana juani, kwani madoa ya jasho la zamani hutoka kwa shida. Koti jeusi mara nyingi limepauka kolani. Afadhali bluu iliyoiva. Pasi ipite juu ya kitambaa chenye unyevu kilichotandazwa juu ya koti, la sivyo litang'aa. Kwenye daladala, livue ulikunje bitana nje.