Baiskeli iliyolala: itengeneze kabla ya kumpa mwanafunzi

Chini ya ngazi za ploti nyingi hapa Nairobi kuna baiskeli isiyoguswa tangu mwenyewe aingie chuo. Tairi zimelala, mnyororo una kutu. Na pembeni mwa jiji, kama kule Ruai, au huko mashambani, yuko mwanafunzi anayetembea kilomita sita kwenda shule. Kwa miguu ni zaidi ya saa moja. Kwa baiskeli ni nusu saa, bila nauli wala moshi. Ila baiskeli mbovu ikitolewa hivyo ilivyo, umemhamishia mzigo mtu asiye na pesa ya fundi.

Hatua ya 1: fremu. Ioshe kwanza kwa sabuni, maana ufa hujificha chini ya uchafu. Pitisha ukucha penye viungo vilivyochomelewa, hasa pale bomba la chini linapokutana na shingo ya usukani. Ukucha ukinasa kwenye mstari mwembamba wenye kutu, huo ni ufa. Fremu hiyo usimpe mtu. Vua vipuri vyake, chuma kiende kwa mnunuzi wa skrepa.

Hatua ya 2: tairi na tyubu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Toa tairi upande mmoja kwa mipini ya vijiko viwili. Bisibisi hutoboa tyubu. Vuta tyubu nje, ijaze upepo, izamishe kwenye karai la maji, na panapotoka mapovu weka alama ya kalamu. Kausha kabisa. Piga msasa eneo linalozidi kiraka kidogo, paka solusheni (gundi ya viraka) nyembamba, kisha ngoja kama dakika tano hadi mng'ao uishe. Ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza kwa nguvu. Viraka vingi hubanduka kwa sababu vilibandikwa solusheni ikiwa bado mbichi.

Kabla ya kurudisha, papasa ndani ya tairi polepole kwa vidole. Mwiba au kijiwaya kilichosababisha pancha mara nyingi bado kimo, na kitatoboa palepale kesho yake. Tairi lenye nyufa zinazoonyesha nyuzi linunuliwe jipya, lakini nenda na namba ya ubavuni: 26 × 1.95 na 26 × 1 3/8 zote huitwa inchi 26, na haziingiliani. Ya kwanza ina namba 559, ya pili 590 (kipenyo cha rimu kwa milimita, pale tairi linapokalia).

Hatua ya 3: mnyororo. Pima kwa rula kutoka katikati ya pini moja. Kwenye mnyororo usiochakaa, pini ya 24 baada ya hiyo hukaa kwenye inchi 12 kamili. Ikifika inchi 12 na 1/8, mnyororo umechoka. Ubadilishe, na uangalie friwili (meno ya gurudumu la nyuma) pia, kwani mnyororo mpya huruka kwenye meno yaliyoliwa. Kama ni kutu tu, uloweke kwenye mafuta ya taa usiku kucha, usugue kwa brashi, ukaushe, halafu tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila kiungo. Futa yanayozidi. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi, na vumbi la murram likinasa humo hufanya kazi ya msasa.

Hatua ya 4: breki. Mpira wa breki uguse rimu tu, usiguse tairi. Mkono wa breki ukifika kwenye usukani kabla gurudumu halijashika, kaza waya.

Hatua ya 5: kukabidhi. Iandamane na pampu, viraka, kufuli na taa, kwani huku giza huingia upesi baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Andika barua fupi yenye namba ya fremu (mara nyingi iko chini ya fremu, pale ekseli ya pedali inapopita), muitie sahihi wewe na mzazi, ili mtoto asishukiwe ameiiba.

Maswali ya wasomaji wa mitaa ya Nairobi

*Kasarani: Fundi, pedali ya kushoto imegoma kabisa kutoka. Nimevuta hadi spana ikateleza.*
Unazungusha kinyume. Nyuzi za pedali ya kushoto zimegeuzwa: hufunguka kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Spana ni namba 15.

*Donholm: Naipeleka Kitui kwa basi. Niifungeje?*
Toa pedali zote mbili uzifunge kwenye mfuko pamoja na spana yake. Legeza usukani uulaze sambamba na gurudumu la mbele. Ilazwe upande wa mnyororo ukiwa juu, la sivyo gia za nyuma zitapinda.

*Umoja: Mtoto yuko darasa la sita, baiskeli ni ya mtu mzima. Atakua nayo?*
Hapana. Asimame akiwa ameipanua miguu juu ya bomba la juu, nyayo zote chini. Ibaki nafasi ya vidole viwili angalau. Nafasi hiyo ikikosekana, baiskeli mpe mhudumu wa afya wa kijiji anayezunguka nyumba kwa nyumba, naye mtoto mtafutie ndogo.

*Kayole: Si heri tutume pesa tu?*
Ukituma, tumia M-Pesa moja kwa moja kwa fundi aliye karibu na shule, akae na tyubu mbili na waya wa breki kwa jina la mtoto. Pesa za vipuri zikipitia nyumbani huishia kwenye unga, na hakuna wa kulaumiwa hapo.