Asali ya tembo kutoka mnazi wa uani

Mnazi wangu uko nyuma ya jiko, hapa Mikindani. Majirani walipoona kibuyu kinaning'inia kileleni waliniuliza kama nimeanza kuuza pombe. Hapana. Napika asali ya tembo, yaani utomvu mtamu wa mnazi uliochemshwa mpaka ukawa mzito kama asali, ile waliyokuwa wakipika mabibi zetu.

Kwanza ujue kwamba karara, lile ganda linalofunika maua ya mnazi, likigemwa halikupi nazi. Pili, kama huna mazoea ya kukwea, mwachie mgema. Wangu ni mjomba, analipwa kwa asali.

Mjomba huchagua karara lililonona ambalo halijapasuka, akalifunga kamba lisije likafunguka. Kwa siku kadhaa hulipigapiga taratibu kwa mpini wa kotama, kisu chake cha kugemea, na kuliinamisha kidogo kidogo. Ukililazimisha siku moja linavunjika. Ndipo hukata ncha. Mwanzo ni matone tu. Baadaye hupanda asubuhi na jioni kukwangua ncha, kiasi cha ganda la kitunguu, maana kidonda kikikauka utomvu nao unakatika.

Kibuyu ndicho kilichonitia hasara. Mara ya kwanza niliazima kilichowahi kutiwa tembo, yaani pombe ya mnazi, halafu nikauacha utomvu mpaka saa tano nimalize kufua. Nilipouinjika, jiko zima lilinuka ulevi, na sufuriani nikabaki na kitu kichachu, chepesi. Chachu ilikuwa imeshakula sukari. Siku hizi natumia kidumu nilichokisuuza kwa maji ya moto, ndani natia chokaa kidogo ile ya kutafunia tambuu, ncha ya kijiko tu, inachelewesha kuchacha. Mjomba anateremsha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na moto unamkuta unawaka.

Chuja kwa kitambaa, kwani nyuki na sisimizi hawakosi. Tumia sufuria pana, kuni za kutosha, na uengue povu. Lita 7 za utomvu hutoa kama lita 1 ya asali, kwa hiyo lita moja na nusu ya usiku hunipa glasi isiyojaa. Usinung'unike: kule Kanada wanaochemsha maji ya mti wa mepo huhitaji lita 40 kwa lita 1, maana yana sukari asilimia 2 hivi tu.

Rangi ikigeuka hudhurungi na povu likaanza kupanda kama la maziwa, punguza kuni, usiondoke hata mtu akibisha hodi. Mwenye kipimajoto aepue kwenye nyuzi 104. Mimi nadondosha tone kwenye sahani baridi: likikimbia, bado, likijivuta kivivu, naepua. Ukipitiliza itaganda kama sukari guru. Hiyo nayo usiitupe, itie korosho za kukaanga upate kashata.

Mimina ingali moto kwenye chupa kavu. Yangu haimalizi wiki. Wajukuu wanachovya mhogo wa kuchemsha humohumo.