Kumfunza kijana anayesomea nyumbani kushika pesa

Mwongozo huu ni wa mzazi anayewasomesha mwenyewe watoto wa miaka 13 hadi 17. Ndio utaratibu ninaoutumia hapa Lamu kwa wanangu na kwa vijana wa jirani wanaokuja kusoma barazani kwetu. Vifaa ni daftari, kalamu na simu ya mzazi. Kilicho kigumu ni kukubali kijana azione pesa za nyumba zilivyo. Kama hilo huliwezi, anza na kujishawishi wewe, maana bila hilo yanayofuata yatakuwa hesabu za ubaoni.

Hatua ya 1: Achore mwaka wa nyumba yenu

Masomo ya bajeti huanza na mshahara wa mwisho wa mwezi. Nyumba nyingi za hapa mshahara huo hazina. Baba ni mvuvi, au nahodha wa boti ya wageni, au fundi wa kuchonga, na pesa huingia kwa misimu. Msimu wa upepo wa kaskazi, tuseme Novemba hadi Machi, samaki wapo na wageni wapo. Upepo wa kusi ukikaza kuanzia Mei, madau hushinda yamefungwa na vyumba vya wageni hubaki na funguo ukutani.

Mpe karatasi yenye visanduku 12. Apake rangi miezi ya neema na miezi ya ukavu, kisha aandike matumizi makubwa kila mmoja mahali pake: vitabu, kodi, ukarabati wa paa, Idi. Hapo mletee kalenda ya Kiislamu. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo haitulii kwenye msimu mmoja. Mwaka 2016 ilikuwa Juni, kusi limeshika. Mwaka 2026 imeangukia Februari, kaskazi bado. Muulize: mfungo ukiwa Juni, tende na nguo za watoto zitalipwa na pesa ya mwezi gani? Mwache ahangaike na swali. Akikujibu “za Januari”, somo la akiba umeshalimaliza.

Hatua ya 2: Aandike, wewe unyamaze

Wiki nne aandike kila shilingi inayopita mkononi mwake: nauli ya boti, bando, viazi karai, pesa aliyomwazima rafiki. Usimkaripie hata ukiona bando limekula nusu. Ukimkaripia, wiki ya pili atakuandikia uongo.

Hatua ya 3: Hesabu ada za simu

M-Pesa ilianza Machi 2007. Kijana wako hajaishi siku hata moja bila hiyo, na kwake ada ni kama mvua, inanyesha tu. Mpe hesabu hii. Kutoa kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 kwa wakala ni shilingi 29, kwa viwango tunavyolipa sasa. Mtu anayehitaji 1,000 akitoa 200 mara tano, analipa 145. Akizitoa zote pamoja, analipa 29. Kumtumia mtu shilingi 100 ni bure, kumtumia 500 ni shilingi 7. Kisha achukue jumbe za simu yako za mwezi uliopita, ajumlishe ada zote. Jiandae, kwa sababu atakuja kukuuliza maswali, na ni haki yake.

Akitaka laini ya kwake, ipo M-Pesa Go kwa walio na miaka 10 hadi 17. Mzazi ndiye anayemsajili.

Hatua ya 4: Mkabidhi fungu moja la nyumba

Hapa ndipo penye kazi, usipaharakishe. Mwezi wa kwanza mpe vitu vya duka: sukari, majani ya chai, sabuni, unga. Mpe kiasi kilekile ambacho wewe hutumia, mkononi, tarehe moja. Masharti ni mawili. Pesa zikiisha, hakuna nyongeza. Zikibaki, nusu ni zake.

Nenda naye dukani siku ya kwanza, simama nyuma, mwache aulize mwenyewe.

“Ami, robo ya sukari ngapi?”

“Arobaini na tano, mwanangu.”

“Na kilo nzima?”

“Mia na sitini.”

Robo nne ni 180. Hapo hapo utamwona anahesabu kwa vidole, kisha anauliza bei ya sabuni ya mche na ya vipande. Lakini atagundua pia kwamba kununua kilo kunataka uwe na 160 mkononi leo, na ndiyo maana jirani asiyekuwa nazo hulipa zaidi kwa sukari ileile. Jambo hili mimi hulizungumza nao kwa urefu, kwa sababu kijana anayejua kubana pesa bila kulijua hili huishia kuwadharau watu.

Sabuni ikiisha tarehe 24, msiende kununua kwa siri. Nguo zitasubiri.

Mwezi wa pili mpe kitoweo. Hiki ni kigumu zaidi kwa sababu bei ya samaki hupangwa na bahari. Atajifunza kuwahi au kuchelewa sokoni, na siku za kusi atajua thamani ya maharage na papa mkavu. Mtakula kunde mfululizo, vumilieni.

Hatua ya 5: Atengeneze kitu auze

Mahamri yanafaa kwa kuanzia. Bei hizi ni za mfano, weka za kwenu: unga kilo mbili 180, nazi mbili 80, sukari nusu 80, hamira na iliki 30, mafuta yaliyotumika 120, mkaa 50. Jumla 540. Yakitoka mahamri 64 ya shilingi 10 kila moja, ni 640, faida 100. Sasa muulize yaliyoliwa nyumbani ni mangapi. Manane? Basi yameuzwa 56, pesa ni 560 na faida ni 20. Mkaa ndio wanaousahau, kwa sababu ni wa mama, na wanaona cha mama hakina bei.

Anayejua kushona kofia za vito, zile za kudarizi kwa mkono, apige hesabu ya aina nyingine: kazi ya wiki nyingi, malipo ya mara moja. Ayagawe malipo hayo kwa wiki alizoshona, ndipo ajue aliingiza ngapi kwa wiki.

Faida ikipatikana, atoe sadaka kwa hiari yake. Kwa nyumba za Kiislamu, hesabu ya zaka, moja ya arobaini kwa mali iliyofikia nisabu (kiwango cha chini cha kutolewa zaka) na kutimiza mwaka, ni zoezi zuri la asilimia.

Hatua ya 6: Wacheze mchezo

Wakusanye vijana sita, kila mmoja atoe shilingi 50 kwa wiki, na kwa zamu mmoja apokee zote 300. Wapige kura nani aanze. Baada ya mzunguko waulize: aliyepokea wa kwanza alipata nini? Mkopo usio na ada. Wa mwisho? Akiba, ila amebeba hatari ya wenzake kutolipa. Wiki ya nne hivi mmoja aliyekwisha kupokea ataanza visingizio. Usiingilie, wao ndio watakaoweka kanuni.

Hatua ya 7: Kabla hajapata kitambulisho

Akifika miaka 18, mikopo ya simu itamfungukia. Afanye hesabu hii mapema: M-Shwari, mkopo wa ndani ya M-Pesa, ilipoanza 2012, ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa 2,000 ni 150. Akikopa kila mwezi mwaka mzima, amelipa 1,800 kwa ada pekee. Michezo ya kubahatisha ya simu ipime kwa daftari: aandike walichoweka wenzake na walichopata kwa mwezi, si siku moja ya bahati.

Mwisho, utapeli. Ukija ujumbe kwamba pesa zimetumwa kwake kimakosa, aangalie salio kwanza. Zikiwa zimeingia kweli, asizitume kwa mkono wake. Amwambie mtumaji apeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456, Safaricom wazirudishe wao. Nami huwatumia wanangu ujumbe wa uongo wa aina hiyo bila kuwaarifu, kwa simu ya shangazi yao.